Grupu, mkutano, karatasi ya getini au mlango kwa mlango: kamati ya ploti ichague ipi?

Tuseme kamati ya ploti yenye nyumba 40, iwe Umoja, Donholm au Pipeline hapa Nairobi, ina habari moja ya kufikisha: kuanzia mwezi ujao kila nyumba itatoa shilingi 500 za soja wa usiku. Ukiifikisha kwa SMS ya mtu mmoja mmoja utapata pesa kiasi fulani. Ukiifikisha kwenye mkutano wa Jumapili jioni, watu walewale, pesa ilehile, utapata kiasi kingine kabisa, na mara nyingi kikubwa zaidi. Makatibu wengi hudhani tofauti imeletwa na maelezo mazuri ya mwenyekiti. Mimi sidhani.

Mchango wa soja una ugumu wake. Soja halindi mlango wa mtu, analinda geti, kwa hiyo aliyelipa na asiyelipa wanalala usingizi mmoja. Mpangaji akisoma ujumbe hajiulizi kama ana 500. Anajiuliza kama hawa wengine watatoa, ama atakuwa mjinga peke yake. Na jibu halimo ndani ya ujumbe, hata uuandike kwa ufasaha gani. Atalipata akijua kwamba jirani amesikia, na kwamba jirani naye anajua kuwa yeye amesikia, ili hakuna kati yao atakayeweza kusema baadaye "mimi sikuambiwa".

Jambo hili limechunguzwa na wasomi wakubwa. Mwanafalsafa Mmarekani David Lewis aliandika mwaka 1969 jinsi desturi za watu zinavyosimama juu ya ujuzi wa namna hii, na mwaka 1976 mwanahisabati Robert Aumann akaupa sura ya kihesabu. Aumann alishiriki tuzo ya Nobel ya uchumi ya mwaka 2005 na Thomas Schelling, yule aliyewahi kuwauliza watu: ukitakiwa kukutana na mtu New York, na hamjaagana mahali wala saa, utaenda wapi? Jibu lililojitokeza zaidi lilikuwa kituo cha treni cha Grand Central, saa sita mchana. Sisi wa Nairobi tuna vituo vyetu. Mtu akikuambia "tukutane tao" halafu simu yake izime, utaanzia Archives, Kencom au Ambassadeur, na huko ndiko naye atakuwa anakutafuta. Hoteli ya Hilton ilifungwa Desemba 2022 na watu bado wanaagana Hilton. Kwanza wengi wetu hatukuwahi kulala humo hata usiku mmoja.

Serikali nayo hutumia nguvu hiyohiyo ikitaka watu wabadilike kwa pamoja. Marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza tarehe 28 Agosti 2017, faini ikiwa hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka minne. Adhabu ilitisha, ndiyo, lakini kwa mama mboga kulikuwa na jambo la pili. Kabla ya siku hiyo, akikataa kukufungia sukuma kwenye juala, ungehamia kwa jirani yake. Tarehe ilipojulikana kwa wote, alijua jirani hatoi, na mteja alijua hivyo pia akaja na kikapu. Noti za zamani za shilingi 1,000 zilikwenda njia hiyo: tangazo lilitolewa Madaraka Dei, tarehe 1 Juni 2019, na mwisho wake ukawa tarehe 1 Oktoba. Karatasi haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba kila mtu alijua mwenzake hataipokea.

Turudi kwenye ploti yetu.

SMS, broadcast na keateka wa mlango kwa mlango

Nimeziweka pamoja kwa sababu kasoro yao ni moja. Kila mtu anaambiwa peke yake.

Broadcast ya WhatsApp ndiyo inayodanganya zaidi. Unaandika ujumbe mmoja, unautuma kwa watu 40 kwa mpigo, na simu yako inakuonyesha orodha yote. Upande wa pili, kila mpokeaji anauona kama ujumbe wa kawaida uliotoka kwako kwenda kwake. Hajui wengine ni akina nani, wala kama wapo. Zaidi ya hayo, asiyekuwa na namba yako kwenye simu yake hapati kitu. Wewe katibu unahisi umetangaza, kumbe umenong'ona mara 40.

Keateka, yaani mtunza ploti, akitumwa kupita milangoni, kuna faida: anaonana na watu, na yule mzee wa simu ya kabambe, isiyo na WhatsApp, hasahauliki. Ila sikiliza mazungumzo yenyewe pale mlangoni. "Wa juu wamesemaje?" "Wamekubali." "Na yule wa 3B?" "Huyo sijampata." Ndani ya dakika moja keateka amekuwa mtu pekee anayejua nani amesema nini, na kila mlango utapata toleo lake kulingana na hali yake siku hiyo. Akiwa mwaminifu, mambo yatakwenda. Akiwa na ugomvi na mtu wa ghorofa ya pili, mtasikia kwamba ghorofa ya pili nzima imekataa.

Hata hivyo njia hizi usizitupe. Kuna habari zisizohitaji mtu kujua jirani amefanya nini. Maji yatakatwa Alhamisi, jaza mitungi: kila nyumba itajaza mitungi yake bila kungoja mwingine. Fundi wa mita anakuja kesho. Kwa hayo SMS inatosha na inazidi, na kuitisha mkutano ni kuwachosha watu bure. Na deni la mtu, ugonjwa wake, au barua ya mwajiri inayoeleza kwa nini kodi imechelewa, hayo yazungumzwe mlangoni na mlango ukifungwa.

Grupu la WhatsApp

Hapa ndipo ploti nyingi za Nairobi ziliko, na hapa ndipo kamati nyingi hujidanganya.

Grupu lina jambo moja ambalo broadcast haina: orodha ya waliomo iko wazi, kwa hiyo kila anayesoma anajua ujumbe umewekwa mbele ya wote. Hilo ni kubwa. Lakini kuwekwa mbele ya wote na kusomwa na wote ni mambo mawili. Grupu lenye salamu za asubuhi, aya za Biblia, matangazo ya gesi na video za wanasiasa huwekwa kimya na nusu ya wanachama kufikia wiki ya pili. Mtu akisoma ujumbe wako wa soja uliokaa kati ya video mbili, ana haki ya kushuku kwamba wengine wameupita.

Utaniambia kuna tiki za buluu. Zipo, na kwenye grupu huwezi kuzizima kama unavyozima kwenye mazungumzo ya watu wawili. Ukibonyeza ujumbe wako na kushikilia, utaona majina ya waliousoma. Sasa angalia nani anayaona majina hayo: wewe uliyeutuma, basi. Wanachama 39 hawaoni. Tiki zinampa katibu habari nzuri ya kulalamikia, na haziwapi majirani kile wanachohitaji, yaani kuonana wakisoma.

Dawa iko kwenye mambo ambayo wote wanayaona. Kura ya ndani ya grupu inaonyesha nani amechagua nini. Kidole gumba chini ya ujumbe kinaonekana kwa wote. Lakini hakuna kilichowahi kushinda ile orodha yetu ya kubandika. Kila aliyewahi kuchangia matanga anaijua: juu kuna kichwa cha habari na namba ya kutuma, chini namba zinashuka, Mama Brian 500, Baba Shiru 500, House 2A 1,000, na tiki ya kijani mbele ya jina. Ukituma, unakopi orodha, unaongeza jina lako, unabandika upya. Hakuna aliyetufundisha hii. Inafanya kazi kwa sababu kila ubandikaji ni tangazo jipya: jina la 14 linawaambia watu 13 waliotangulia kwamba hawako peke yao, na linawaambia waliobaki kwamba basi linajaa. Ina udhaifu wake wa kuchekesha. Watu wawili wakibandika kwa dakika moja, mmoja anafutika, na utasikia malalamiko ya mtu aliyelipa na jina lake halipo, kwa herufi kubwa. Awepo mtu mmoja wa kuunganisha orodha kila usiku.

Jambo jingine kuhusu pesa. M-Pesa, tangu ianze mwaka 2007, imekuwa ikipeleka ujumbe kwa mtumaji na kwa mpokeaji, wenye namba moja ya muamala. Kwa hiyo wawili hao hawawezi kubishana. Lakini ni wawili tu. Mchango ukienda kwenye simu ya mweka hazina, nyumba 38 nyingine hazijaona kitu mpaka ujumbe ubandikwe, na ujumbe wa kubandika unaweza kuchezewa kabla haujabandikwa. Mweka hazina alinganishe namba za muamala na za kwake, kisha aweke tiki yeye, si mlipaji.

Vipi grupu ambalo admini pekee ndiye anayeandika? Ni safi na halina kelele. Limekuwa ubao wa matangazo. Watu watajua kamati imesema, hawatajua wenzao wamekubali. Lifae kwa habari za maji. Kwa mchango, fungua mdomo wa grupu angalau kwa siku tatu.

Mkutano

Mkutano una gharama, na gharama zenyewe tunazijua. Jumapili jioni, pale kwenye maegesho, viti vya kuazima, watoto wanapita na mpira katikati ya hoja. Wanaofanya kazi za usiku hawapo, nesi na soja wenyewe wakiwemo. Kuna mtu mmoja anayeongea kwa niaba ya wote na hakutumwa na yeyote. Saa moja inakuwa mbili.

Pamoja na hayo yote, kwa jambo linalohitaji kila mtu amwamini mwenzake, sijaona kinachoukaribia. Ukisema "nakubali" ukiwa umeketi, unawaona wanaokuona. Huhitaji kubahatisha kama wa 3B amesikia, umemsikia akiguna. Pingamizi linatolewa mbele ya wote na linajibiwa mbele ya wote, kwa hiyo kesho hakuna anayelibeba kwenye ngazi kama siri. Na kukaa kimya kwenye mkutano kuna uzito tofauti na kukaa kimya kwenye grupu: kwenye grupu kimya chako kinaweza kuwa bando limeisha.

Vyama vya kuweka akiba viliitambua nguvu hii mapema. Upo utaratibu wa vikundi vya akiba na mikopo ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, kisha ukaenea sehemu nyingi za Afrika, Kenya ikiwemo. Sanduku ni la chuma na lina kufuli tatu. Funguo wanakaa nazo watu watatu, na sanduku analo mwingine. Halifunguliwi ila mbele ya wanachama. Hapo mtu anaweza kudhani siri ya mfumo ni kufuli. Mimi napenda zaidi kinachofanyika mwishoni: pesa zikishahesabiwa, salio linatangazwa kwa sauti na wanachama wanatakiwa walishike kichwani. Mkutano ujao unaanza kwa kuwauliza, sanduku likiwa bado limefungwa, lilikuwa ngapi. Wanataja, ndipo linafunguliwa na kuhesabiwa. Mweka hazina wa kikundi hicho hana haja ya kuaminiwa sana, kwa sababu hesabu haimo kwenye daftari lake peke yake, imo kwenye vichwa 20, na kila kichwa kinajua vingine vinayo.

Sasa hatari, na ni kubwa. Mkutano wa watu sita kati ya nyumba 40 ni mbaya kuliko kutokuwa na mkutano. Hao sita wametoka nyumbani kuja kuthibitishiwa kwamba hakuna anayejali, na wataondoka wakijua kwamba wenzao watano wamelijua hilo pia. Kabla ya kuitisha, pita uhakikishe una watu. Ukiona hawafiki, ahirisha mapema kwa sababu yoyote ya heshima. Mvua itakusaidia.

Karatasi ya getini

Watu wanaidharau, na mimi naitetea kidogo. Ploti ikiwa na geti moja, kila mtu anapita hapo, na kila mtu anajua kila mtu anapita hapo. Haihitaji bando, na mwenye simu ya kabambe anaisoma sawa na mwenye simu kubwa. Iandikwe kwa herufi nene, kwa Kiswahili, iwekwe kwenye plastiki kwa ajili ya mvua. Mageti yakiwa mawili, nguvu yake inakatika nusu. Na wageni wanaisoma pia, kwa hiyo usiandike kwamba soja hayupo hadi tarehe tano.

Uwazi unaweza kukugeuka

Sehemu hii kamati nyingi huijua baada ya kuharibikiwa. Kuweka mambo wazi hakuwafanyi watu washirikiane. Kunakuza kile kilichopo. Kama nyumba 32 zimelipa na nane hazijalipa, orodha ya wazi itawasukuma wale nane. Kama nyumba 12 zimelipa na 28 hazijalipa, orodha hiyohiyo itawaambia wale 12 kwamba wao ndio wajinga wa ploti, na mwezi ujao utapata nne.

Kwa hiyo mwanzoni, wakati waliolipa ni wachache, katibu mwerevu hatoi jumla. Anatoa majina ya waliolipa, yakiongezeka siku hadi siku. Harambee zimefanya hivi tangu zamani: anayetoa anasomwa jina na kiasi, watu wanapiga makofi. Asiyetoa hasomwi. Najua harambee zimechafuliwa na wanasiasa wenye mabunda, lakini ufundi wa kumtaja mtoaji ni mzuri na si wa wanasiasa.

Kinyume chake, kubandika majina ya wadaiwa ni kishawishi cha kila mweka hazina aliyechoka. Usifanye haraka. Nchi hii ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 ziliwakataza wakopeshaji wa simu kutumia namba zilizo kwenye simu ya mteja kuwapigia jamaa zake kwa ajili ya deni. Kamati ya ploti si mkopeshaji, lakini aibu ni ileile, na aliyeaibishwa mbele ya majirani 39 hana tena la kupoteza. Anaweza kuamua kutolipa kabisa, akiwa na watu wa kumhurumia.

Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alichunguza wakulima wanaogawana maji ya mifereji, wavuvi na watumiaji wa misitu. Katika mipango iliyodumu aliona kwamba wasimamizi ni watumiaji wenyewe au watu wanaowajibika kwao, na adhabu huanza ndogo kisha hupanda. Kwa ploti yetu maana yake ni hii: mwezi wa kwanza, ukumbusho wa faragha. Wa pili, faini ya shilingi 50 ambayo wote waliikubali mkutanoni. Jina la mtu likifika mbele ya wote, liwe limepita ngazi hizo.

Ningechagua hivi

Kuanzisha mchango mpya, au kumwendea landilodi kwa sauti moja kuhusu kodi: mkutano, hata ukiwa wa nusu saa, na mtu wa kuandika. Kwa walio zamu, waandike kwenye grupu "nimesoma yaliyokubaliwa, niko ndani", mmoja mmoja, wenzao waone.

Kuendeleza mchango ulioanza vizuri: grupu na orodha ya kubandika. Mkutano wa kila mwezi utawachosha watu, na mahudhurio yakishuka umejitengenezea tatizo lililokuwa halipo.

Ploti isiyo na grupu la maana, au yenye wazee wengi: karatasi ya getini pamoja na keateka, ila keateka abebe fomu moja ambayo kila mlango unatia sahihi, ili wa mlango wa 20 aone sahihi 19 juu yake. Fomu hiyo inabadilisha kazi ya keateka kabisa. Toka mpiga porojo awe mchukuzi wa karatasi.

Matatizo ya mtu binafsi: mlangoni, sauti ya chini, bila skrinshoti.

Limebaki la wapangaji wapya. Mwisho wa mwezi malori ya kuhamia yanaingia, na ploti ya nyumba 40 inaweza kubadilisha nyumba kadhaa ndani ya miezi michache. Waliokubaliana kwenye ule mkutano wanaondoka mmoja mmoja, na aliyeingia hakuwa pale. Kumwambia peke yake siku anapokea ufunguo hakutoshi, kwa sababu majirani hawajui kama ameambiwa, na yeye hajui kama wanalipa kweli. Mwingize kwenye grupu siku hiyohiyo, mkaribishe kwa namba ya nyumba mbele ya wote, bandika orodha ya mwezi huo chini ya karibisho, na umwachie nafasi ya jina lake.